Zukini zikijaa jikoni, shughulikia maji kwanza

Mche wa zukini ukishaanza kuzaa haumsubiri mtu. Tangu mbegu ifukiwe hadi mavuno ya kwanza ni kama siku 50, na baada ya hapo ua likichavushwa leo, ndani ya wiki moja tunda limefika sentimita 15 hadi 20, urefu unaopendwa na hoteli na maduka makubwa. Chelewa siku mbili tatu, hasa mvua ikiwa inanyesha, na tunda hilo limeshakuwa kubwa kupita kiasi, mnunuzi halitaki tena. Ndiyo maana msimu ukikolea, wanaolima Arusha au Limuru huuza kwa bei ya hasara, na mwenye bustani ya nyumbani hugawia majirani mpaka nao wakatosheka.

Zao hili halitendewi haki jikoni kwetu. Husemwa kwamba halina ladha na kwamba hurojeka sufuriani. Lawama zote mbili chanzo chake ni kimoja: asilimia 95 hivi ya zukini ni maji. Anayeyadhibiti maji hayo amemaliza sehemu kubwa ya kazi, awe anapika chakula cha leo au anaweka akiba ya miezi ijayo.

Anza na bhajia, kwa sababu ndizo zinazomaliza zukini nyingi kwa mkupuo. Zikwangue kwa greta ya karoti, nyunyiza chumvi, changanya na uache kama robo saa. Chumvi huvuta maji nje. Kisha weka yote katikati ya kitambaa safi cha pamba, kusanya ncha zake na ukamue kwa nguvu zako zote. Yatatoka maji ya kijani hafifu, mengi kuliko ulivyodhani, na kitakachobaki kitambaani ni tonge dogo lililoshikana. Hapo ongeza kitunguu, pilipili, kotmiri, manjano, jira na unga wa dengu. Unga huo hushika vizuri hata bila yai, na ukihitaji kulegeza rojo, usichukue maji ya bomba: tumia yaleyale uliyokamua, yana chumvi na ladha tayari. Kaanga mafuta yakiwa moto sawasawa. Mafuta yakiwa vuguvugu, bhajia huyanywa na kuwa nzito.

Kwa anayekula vyakula vya mimea tupu, awe Msabato asiyekula nyama, Mhindu wa Mombasa au mtu aliyeamua tu kuachana na nyama, zukini ina nafasi nyingine ambayo Pwani inaifahamu kwa mumunye. Jinsi linavyopikwa mumunye la nazi ndivyo inavyopikwa zukini ya nazi, ila lazima mpishi ajizuie kumimina maji. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka viive, tia vipande vya zukini vyenye unene wa kidole, acha sufuria wazi mvuke utoke, halafu tui jepesi kidogo. Tui zito liingie mwishoni kabisa, likichemka mara moja epua. Ukiongeza kunde au choroko zilizochemshwa, umepata mlo kamili na wali au chapati.

Tuje kwenye kuhifadhi. Zukini mbichi usizioshe kabla ya kuziweka, na ziachie kikonyo kifupi, kwani jeraha au unyevu juu ya ganda ndipo uozo unapoanzia. Ndani ya friji ziweke droo ya mboga, mbali na sehemu ya barafu, maana chini ya nyuzi 5 za selsiasi ganda hutokwa na vishimo na nyama hulainika. Hata zikitunzwa vizuri, usitegemee zaidi ya wiki mbili. Asiye na friji anaweza kutumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati yake na kitambaa chenye maji juu. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza njia hiyo. Maji yanayovukiza kupitia chungu cha nje huondoka na joto. Dodoma wakati wa kiangazi njia hii itakufaa sana. Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, ubaridi utakaopata ni mdogo.

Kwenye friza, zilizokwanguliwa ndizo hukaa vizuri kuliko vipande. Zipitishe kwenye mvuke dakika moja au mbili, zipoze, kamua, na ufunge kwa kipimo cha mlo mmoja mmoja. Utazitia moja kwa moja kwenye mchuzi wa dengu au unga wa chapati.

Mimi napendelea kukausha. Wagogo hukausha mlenda na kuula mvua zikiwa zimekwisha zamani, na zukini hukubali utaratibu uleule. Kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, tandaza juu ya wavu, funika kwa chandarua dhidi ya nzi, geuza, na usiku ingiza ndani. Kilo 1 ikikauka hubaki chini ya gramu 100, na gharama ya umeme hakuna. Vipande hivyo vikilowekwa na kupikwa kwa mchuzi wa karanga huwa na utafunaji ambao zukini mbichi haina kabisa.

Achari nayo inafaa, kwa siki yenye asidi ya asilimia 5, na maji yasizidi siki. Lakini kufungasha zukini kwenye chupa za maji matupu ukazichemsha na kuziweka kabatini ni hatari. Hazina asidi ya kutosha kuzuia bakteria wa botulini, na sumu yake inaua.

Hatari nyingine huonekana kwa ulimi. Zukini chungu ina sumu iitwayo kukabitasini, na moto hauiondoi. Mwaka 2015 mzee wa miaka 79 wa Heidenheim, Ujerumani, alifariki baada ya kula zukini chungu za bustani. Onja kipande kibichi kabla ya kupika, na kikiwa kichungu kiteme na utupe zote. Mbegu za kuhifadhi mwenyewe, mimea ikiwa imechanganyika na maboga ya mapambo, ndizo huleta balaa hili mara nyingi.

Tunda lililopitiliza ukubwa usilitupe. Toa mbegu na sehemu ya katikati yenye nyuzi, menya ganda, nyama iende kwenye bhajia. Na kama mavuno yanakushinda, anza kuchuma maua. Ua dume lina kikonyo chembamba kisicho na tunda. Lichume asubuhi likiwa wazi, toa kichwa cha chavua, kagua wadudu, chovya kwenye rojo la unga wa dengu na ukaange. Waachie nyuki machache.