KISU AU CHEKECHE?

Juma hili tupande mlima hadi Lukozi, wilayani Lushoto. Huko ndiko yanakotoka malori ya kabichi, karoti na viazi, yakateremka kwa njia ya Soni na Mombo kuelekea Dar es Salaam. Siku hizi malipo mengi hupitia kwenye simu. Tuseme karani wa mnunuzi ana orodha ya wakulima mia tatu ndani ya kompyuta. Mmoja kaianza namba yake kwa sifuri, mwingine kwa 255, wa tatu kaacha nafasi katikati. Atazisafishaje bila kupeleka jasho la mtu kwa asiyehusika?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kisu: unaiamuru kompyuta ikate herufi kadhaa kuanzia mahali fulani. Kisu ni chepesi, na kinafaa pale ambapo kila kitu kina mahali pake. Namba ya kitambulisho cha taifa, kwa mfano, ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukitaka mwaka, kata nne za mwanzo, kazi imekwisha.

Lakini jaribu kukata herufi tisa za mwisho za namba ya simu iliyoandikwa 0754 000 000. Kompyuta huihesabu nafasi kama herufi, nawe utaambulia tarakimu saba. Hapo linahitajika chekeche, ambalo wataalamu huliita ruwaza. Huitajii kompyuta mahali, bali unaieleza umbo: sifuri au 255, kisha 6 au 7, kisha tarakimu nane, na nafasi zikiwapo zirukwe. Hata maneno ni hivyo hivyo. Ukitafuta "embe" kwa njia ya kawaida utaletewa na "jembe" na "pembe"; ruwaza huweza kudai neno zima.

Je, tutupe kisu? Hasha! Chekeche lililosukwa vibaya huilemea mashine. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja tu ilizielemea kompyuta za kampuni ya Cloudflare, na tovuti nyingi duniani zikakwama kwa karibu nusu saa.

Kwa hiyo, mahali pakijulikana, kata. Umbo likijulikana, chekecha. Namba iliyokwama kwenye chekeche isikisiwe. Na hata iliyopita, umbo lake sahihi si ushahidi wa mwenyewe. Kabla fedha hazijatumwa, mkulima na aulizwe, kwani kompyuta haijui nani aliyelima.