Kuondoa, Kubatilisha na Kufuta: Maana ya Kitenzi na Usalama wa Kumbukumbu za Ujenzi

1.0 Utangulizi

Mavivi iko kaskazini mwa mji wa Beni, katika jimbo la Kivu Kaskazini, kwenye barabara iendayo Oicha. Ndipo ulipo uwanja wa ndege unaohudumia Beni. Wenyeji wengi huzungumza Kinande, na shughuli za ofisi huandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, hutumika sokoni na mahali pa kazi. Kwa hiyo msimamizi wa ujenzi huweza kuwaelekeza waashi kwa Kiswahili, akaandika ripoti kwa Kifaransa, kisha akaingiza taarifa zake katika programu ya kompyuta iliyotungwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika safari hiyo ya lugha tatu, dhana ya kufuta kumbukumbu hupoteza mipaka yake, na kwamba upotevu huo una madhara.

2.0 Kitenzi kimoja, matendo mengi

Mwalimu akifuta ubao, maandishi hayaonekani tena. Hakimu akifuta kesi, shauri hukoma lakini jalada lake husalia masjala. Kitenzi ni kimoja, lakini katika tendo la kwanza kitu chenyewe hutoweka, na katika la pili nguvu yake tu ndiyo inayoondoka.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo huongeza utata mwingine. Humo kitenzi -tosha hutumika aghalabu kwa maana ya kutoa au kuondoa. Umbo hilo ni kauli ya kutendesha ya -toka, kwa kanuni ileile inayozaa -washa kutokana na -waka. Katika Kiswahili sanifu, hata hivyo, -tosha ni kuwa na kiasi cha kukidhi haja. Kitufe chenye neno “Tosha” kitamwambia msomaji wa Dodoma kwamba kazi imekwisha, ilhali mwenzake wa Mavivi ataelewa kuwa anaambiwa aondoe kitu.

3.0 Yanayotokea ndani ya programu

Programu za kusimamia ujenzi huwa na kiolesura ambacho kwacho programu moja hutuma maombi kwa nyingine bila mtu kubonyeza kitufe. Ombi la kufuta aghalabu hutumwa kwa amri ya DELETE ya itifaki ya HTTP. Kwa mujibu wa kiwango RFC 9110 cha Juni 2022, amri hiyo huitaka seva ikate uhusiano kati ya anwani iliyotajwa na kile kinachotolewa na anwani hiyo. Haiahidi kwamba data yenyewe itaangamizwa. Seva moja huweza kuihamishia data kwenye pipa la kumbukumbu zilizoondolewa, na nyingine ikaiteketeza papo hapo. Mtumaji hana budi kusoma maelezo ya programu husika kabla ya kutuma ombi.

Majibu ya seva nayo yahitaji kusomwa kwa makini. Namba 204 humaanisha kwamba ombi limetekelezwa. Namba 202 humaanisha kwamba limepokelewa tu, na huenda utekelezaji bado. Mtandao ukikatika kabla ya jibu kufika, ombi laweza kurudiwa, kwa kuwa athari inayokusudiwa na DELETE ni ileile hata amri ikitumwa mara mbili. Jibu la pili likiwa 404, aghalabu ni kwa sababu kumbukumbu imekwisha kuondolewa. Usalama huo hutegemea anwani kutaja kumbukumbu moja mahususi. Anwani inayosema “ya mwisho kuingizwa” itafuta nyingine kila irudiwapo.

4.0 Mfano

Tuseme shule inajengwa Mavivi, na mifuko 200 ya saruji imeandikwa mara mbili. Karani anataka kuondoa ingizo moja. Kwa macho maingizo yanafanana, lakini moja limeambatanishwa na ankara na idhini ya malipo. Akilifuta hilo, mwenye duka aliyeleta saruji atabaki na dai lisilo na ushahidi. Tahadhari zifuatazo zinahitajika:

(a) Kumbukumbu itambuliwe kwa namba yake, si kwa jina wala tarehe.

(b) Isomwe kwanza, na vitu vinavyoitegemea vichunguzwe.

(c) Nakala yake ihifadhiwe mahali pengine.

(d) Ombi liambatane na alama ya toleo lililosomwa, kwa sharti liitwalo If-Match. Iwapo mtu mwingine ameibadilisha kumbukumbu wakati huo, seva inayozingatia sharti hilo hujibu 412 na haifuti kitu.

(e) Iondolewe moja, orodha isomwe upya, na iandikwe nani kaondoa, lini, na kwa sababu gani.

Hata hivyo, pale fedha au uimara wa jengo unapohusika, ni afadhali kutofuta. Karani wa hesabu wa zamani alipiga mstari juu ya kosa ili lisomeke bado. Matokeo ya kupima zege yaliyoingizwa kimakosa nayo yafaa kubatilishwa na kubaki yakionekana, maana ukuta ukipasuka baadaye ndiyo yatakayoulizwa.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba watunzi wa istilahi watenge maneno matatu: kuondoa, kwa kitu kinachotoka machoni na kuweza kurejeshwa, kubatilisha, kwa kitu kinachosalia bila nguvu, na kufuta kabisa, kwa kisichorejesheka. Maneno hayo yote yamo tayari katika lugha. Kazi iliyobaki ni kuyatumia bila kuyachanganya, katika vitufe na katika maelezo ya programu, ili karani wa Mavivi ajue kabla ya kubonyeza kama bado ana njia ya kurudi.