Data za Majaribio katika Ruby: Njia ya Faili Ianzie Wapi?

Programu inayopanga masoko kwa kaunti haina budi kujaribiwa kwa mji kama Keroka. Mji huo wa barabara kuu ya Kisii kwenda Sotik umekaa pande zote mbili za mpaka wa Kisii na Nyamira, kwa hiyo faili ya majaribio huhitaji mistari miwili: "Keroka,Kisii" na "Keroka,Nyamira". Programu ikitupa mmoja kwa kudhani ni marudio, jaribio lazima lifeli. Lakini jaribio halitagundua lolote iwapo faili yenyewe haipatikani, na hapo ndipo wanaojifunza Ruby hukwama mara nyingi.

Faili za aina hii huwekwa ndani ya mradi, jirani na majaribio: tuseme test/data/masoko.csv. Wengi huandika File.read("test/data/masoko.csv"), nayo husomeka vizuri. Ila Ruby haihesabu njia hiyo kuanzia faili ya jaribio. Huihesabu kuanzia folda ambamo amri imetolewa. Jaribio likiendeshwa kutoka folda kuu ya mradi, mambo ni shwari. Mtu akiingia kwanza ndani ya test, Ruby hutafuta test/test/data/masoko.csv, huikosa, na kutoa kosa la Errno::ENOENT. Ni kama kumwambia mgeni kwamba duka liko mkono wa kushoto pale Keroka, bila kujua anatokea Kisii au Sotik.

Wapo wanaokimbilia njia kamili, ile inayoanzia /home. Hapo mambo huharibika zaidi, kwa sababu jina la mtumiaji wa kompyuta moja huingia kwenye msimbo, na mwenzake akiuchukua mradi, majaribio yote hugoma.

Njia sahihi ni kuanza kuhesabu kutoka faili ya jaribio. Tangu Ruby 2.0, iliyotoka mwaka 2013, kuna __dir__, inayotaja folda ya faili ilimoandikwa:

File.join(__dir__, "data", "masoko.csv")

Amri itolewe popote, jibu halibadiliki. Majaribio yakiwa mengi, inafaa mstari huo uandikwe mara moja tu, ndani ya test_helper.rb, ili folda ikihamishwa parekebishwe mahali pamoja. Rails, tangu toleo la 5 la mwaka 2016, ina file_fixture("masoko.csv"), inayotafuta ndani ya test/fixtures/files.

Herufi kubwa na ndogo nazo zitazamwe. Windows haitofautishi Masoko.csv na masoko.csv, lakini Linux, inayotumika kwenye seva nyingi, huzitofautisha. Ndiyo maana jaribio linaweza kupita mezani na kufeli kwenye seva.

Jaribio linaloandika faili lisiguse kamwe data hizi za asili, kwani jaribio linalofuata litasoma kitu kingine. Badala yake litumie Dir.mktmpdir, ambayo, ikipewa bloku, hutengeneza folda ya muda na kuifuta bloku inapomalizika, hata kosa likitokea katikati.