Kumuuliza mwanao kama anawaza kujiua si kumfundisha

Wiki hii nilikuwa nimeahidi tuendelee na kisukari. Naomba kisukari kisubiri. Nimepata barua kutoka Mkange, kule Chalinze, ng'ambo ya Mto Wami ukielekea Saadani, na naamini mama aliyeiandika si peke yake mwenye swali lile.

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili yeye na mwanawe wasitambulike. Kijana ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Tangu Ramadhani hali vizuri, usiku anazunguka uani, mpira ameacha. Wiki moja kabla ya barua alimpa mdogo wake simu na viatu vyake vya mpira, akasema yeye hatavihitaji. Kisha siku wanarudi shambani kwenye ufuta akamwambia mama yake, "Nyie mtapumzika tu, mama, msijali." Mama alishtuka, akanyamaza. Usiku ule hakulala. Mwisho wa barua ameandika: "Daktari, nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitakuwa nimemfungulia mlango?"

Nilimpigia siku ile ile, maana barua ya namna hii haingoji gazeti. Lakini swali lake nimelisikia kwa wazazi wengi, kwa walimu, hata kwa wauguzi wenzangu, kwa hiyo nalijibu na hapa.

Muulize. Muulize leo, na ulitaje jambo kwa jina lake. Hili limechunguzwa kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linawafundisha hivyo hivyo watoa huduma wa zahanati: kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Kama halikuwepo, atakushangaa tu na kusema hapana. Kama lilikuwepo, mara nyingi atashusha pumzi, kwa sababu amelibeba peke yake muda mrefu na sasa kuna mtu amelitaja bila kukimbia.

Kuna filamu ya zamani ya Marekani inayoonesha jambo hili vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza. Inaitwa The Slender Thread, ya mwaka 1965. Aliyeiongoza ni Sydney Pollack, huyo huyo aliyekuja Kenya miaka takribani 20 baadaye kutengeneza Out of Africa. Banda umiza haliwezi kuionesha ikajaza watu: haina rangi, haina bastola, na karibu muda wote ni kijana na simu yake. Kijana huyo, anayeigizwa na Sidney Poitier, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayejitolea zamu za usiku katika kituo cha Seattle kinachopokea simu za watu waliokata tamaa. Kituo kama hicho kilikuwepo kweli katika mji ule tangu mwaka 1964, na hadithi ilitokana na makala ya mwandishi Shana Alexander katika jarida la Life kuhusu tukio lililotokea kweli.

Simu inalia. Ni mwanamke, anaigizwa na Anne Bancroft, na ameshajidhuru. Hataki kusema yuko wapi. Anataka mtu wa kuzungumza naye tu. Kidogo kidogo tunajua yaliyomfika: mume wake ni mvuvi, ndoa ina miaka, na mume amekuja kugundua kuwa mtoto waliyemlea si damu yake. Hapo hadithi inaacha kuwa ya Kimarekani. Ingeweza kuwa nyumba yoyote ya Pwani yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani.

Katika filamu nzima wawili hawa hawaonani. Kijana hana dawa ya kumpa, hana fedha, wala hana uwezo wa kumrudisha mume. Anachofanya ni kuuliza, kusikiliza jibu, kisha kuuliza tena. Hamwambii mwanamke kwamba hana shukrani. Hamwambii kuwa kuna wenye shida kuliko yeye. Anahangaika, maana hata yeye si mtaalamu, lakini simu haikati.

Nina lawama mbili kwa filamu hii. Ya kwanza, inatumia muda mwingi kuwaonesha polisi na mafundi wa simu wakisaka simu inatoka wapi, hadi mtu anaweza kutoka akidhani kazi ya kuokoa ni ya mitambo. Sisi wa Mkange na Miono hatuna kituo cha zamu za usiku wala fundi wa kusaka simu. Tuna mama, baba, bibi, mjomba, mwalimu, na jirani anayepita kuomba chumvi. Lawama ya pili nitaieleza baadaye.

Huduma hizi za simu zilianzaje? Mwaka 1935 huko Lincoln, Uingereza, kasisi kijana aitwaye Chad Varah alimzika binti mdogo aliyejiua. Binti alikuwa ameanza kupata hedhi, hakuwa na mtu wa kumweleza, akadhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu. Kwetu Pwani binti angekuwa na somo wa kumfunda, na hata wanaoiona mila hiyo kuwa imepitwa na wakati wakubali kwamba hapo palikuwa na mtu maalumu wa kuulizwa lisiloulizika. Varah hakumsahau yule binti. Mwaka 1953 alifungua London huduma ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua. Akaweka watu wa kawaida wa kujitolea wawapikie chai waliokuwa wakimsubiri, na punde akaona wengi wanaondoka wakiwa wametulia kabla hata hajawaona yeye. Walikuwa wameshazungumza na yule wa chai.

Jambo la namna hiyo limefanyika karibu nasi zaidi. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliyempoteza mgonjwa wake binti kwa kujiua kwa sababu mama alikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali, kiasi cha dola 15. Tangu mwaka 2006 amekuwa akiwafunza mabibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo. Wao hawatumii neno la kidaktari. Kwa Kishona husema mtu "anawaza kupita kiasi", nasi tunasema hivyo hivyo, "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulionesha kuwa waliokaa na mabibi hao walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika hadi Zanzibar. Sikushangaa. Pwani bibi na mjukuu ni watani. Kijana asiyeweza kumtazama baba yake usoni atamwambia bibi yake ukweli huku anamenya muhogo.

Sasa unamuulizaje? Tafuta mahali na saa isiyo na watu: njiani kutoka shamba, au jioni uani. Sema ulichokiona, si ulichosikia kwa majirani. Kwa mfano: "Baba, naona siku hizi huli, hulali, na viatu vyako umegawa. Nimeogopa. Unawaza kufa? Unawaza kujiua?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote. Tumezoea kujaza ukimya kwa nasaha, na kijana akishasikia nasaha anajua mazungumzo yamekwisha.

Akisema ndiyo, usipige kelele. Mwambie, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Siendi popote." Muulize imeanza lini, nini kinamuumiza, na kama ameshafikiria atafanyaje na lini. Naam, hata hilo uliza. Aliyepanga siku na njia yuko kwenye hatari ya leo, na huyo haachwi peke yake hata kwenda chooni mpaka afike kwa mtaalamu. Aliyewahi kujaribu siku za nyuma naye mchukulie hivyo, kwa sababu kujaribu huko ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwamba anaweza kurudia. Ule msemo kwamba anayesema hafanyi, tuuache. Wengi walisema kwanza, na baadhi yao walisema kwa kugawa viatu.

Usimwambie anamkufuru Mungu. Anaweza kuwa anaswali kuliko wewe. Usimwambie "mbona wenzako" wala "unataka kutuaibisha". Na usimwahidi kuifanya siri. Mwambie utamwambia mtu mmoja au wawili wanaoweza kusaidia, na mchague pamoja.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, toa nyumbani dawa za shambani, za kuoshea mifugo, na vidonge vyote vilivyobaki kwenye mifuko. Vipeleke kwa ndugu mwenye kabati la kufunga. Mzazi mmoja aliniambia, "Akitaka atapata kwingine." Mara nyingi sivyo. Wimbi la kutaka kufa hupanda likashuka, wakati mwingine ndani ya saa chache, na umbali kati ya mtu na sumu katika saa hizo umewabakisha wengi hai.

Halafu nendeni kituo cha afya. Mwambie mhudumu wazi kwamba mwanao anawaza kujiua. Usiseme "kichwa kinamuuma" ukarudishwa na panadol. Kama kituo hakina mtaalamu wa afya ya akili, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, yeye au wewe mnaweza kupiga bure namba 116, Simu kwa Mtoto. Wizara ya Afya nayo ina 199, bure.

Kuna kinachowafunga watu mdomo, nacho ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Maoni yangu nayaweka wazi: chetu nacho kiondoke. Sijaona mgonjwa aliyepona sonona kwa kuogopa mahakama, ila nimeona familia zikimficha majeruhi ndani siku mbili. Lakini elewa vizuri, kuwaza kujiua si kosa. Kumwambia muuguzi kuwa unawaza hivyo si kosa. Mlango huo uko wazi kwa kila mtu.

Na kama anayewaza hivyo ni wewe mwenyewe unayesoma, labda mgonjwa wa muda mrefu, umechoka na dawa za kila siku na unaona umekuwa mzigo nyumbani, nakuambia wewe. Kuchoka huko kuna jina na kuna tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hauko peke yako wala hujalaaniwa. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno haya haya: "Nawaza kujiua, naomba ukae na mimi." Akishindwa kukuelewa, mwambie wa pili.

Sasa lawama yangu ya pili kwa ile filamu. Mwanamke anapatikana akiwa hai, kila mtu anashusha pumzi, na filamu inaisha. Kwetu hospitalini ndipo kazi inapoanza. Wiki za kwanza baada ya mtu kuruhusiwa ni za hatari sana, na ndizo wiki ambazo ndugu wameshachoka na kila mmoja amerudi kwenye shughuli zake. Dawa za sonona nazo haziponyi kesho yake. Huchukua wiki mbili hadi nne kuonesha kazi, na wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazisaidii. Zikae kwa mzazi, zitolewe dozi ya siku moja moja, na zisiachwe bila daktari kusema.

Kwa mtu wa Mkange kuna na suala la nauli, kama kwa yule mama wa Zimbabwe. Bodaboda hadi barabarani, gari hadi Chalinze au Bagamoyo, kwenda na kurudi kwa watu wawili. Hesabuni fedha hizo siku ile ile mnayopewa tarehe ya kurudi kliniki, mwambieni mjomba na shangazi wachangie, na zifungeni kwenye kitambaa chake pamoja na kadi. Msafara wa pili wa kliniki ndio unaoachwa mara nyingi, hasa ukiangukia msimu wa mavuno.