Tiba ya saratani inapokwisha, mzigo wa moyo huanza

MGONJWA wa saratani anapomaliza dripu ya mwisho ya tibakemikali, au kushuka kwa mara ya mwisho kutoka kwenye mashine ya miale, jamaa na majirani hutarajia shangwe. Mara nyingi huwa kinyume. Usingizi humpaa, machozi humtoka bila sababu anayoweza kuieleza, na kila maumivu ya mgongo humfanya aamini kwamba maradhi yamerudi.

Huo si utovu wa shukrani wala upungufu wa imani. Tiba ya miale, kwa mfano, kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Ratiba hiyo huchosha, lakini humpa mtu shughuli na wauguzi wa kumwangalia. Inapokoma, ndipo moyo hupata nafasi ya kuhesabu yaliyoupata.

Fitzhugh Mullan, daktari Mmarekani aliyepatikana na saratani mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka 32, alilieleza jambo hili katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka wa 1985. Alilinganisha tiba na kumwopoa mtu anayezama, kisha kumwacha gatini akikohoa maji peke yake, kana kwamba kazi imekwisha. Kwa maoni yake, kipindi kinachofuata matibabu hutawaliwa na hofu ya ugonjwa kurejea.

Hapa Kenya hofu hiyo huandamana na deni. Matibabu mengi hulipiwa kwa harambee: ng'ombe wameuzwa, waumini wamechanga, watoto wamekaa nyumbani kwa kukosa karo. Aliyechangiwa hivyo huona haya kusema kwamba usiku hulia. Akijaribu, huambiwa ajipe moyo na amshukuru Mungu kwa kupona. Ni maneno mema, ila humfunga kinywa. Wanaume waliotibiwa saratani ya tezi kibofu hunyamaza zaidi, kwa kuwa udhaifu wa kiume na kushindwa kuzuia mkojo si mambo ya kusimulia barazani, pengine hata kwa mke.

Aidha, si huzuni yote inayotoka moyoni. Deksamethasoni, dawa inayotolewa mara nyingi kuzuia kutapika, huweza kumnyima mtu usingizi na kumfanya mkali. Dawa za kudhibiti homoni nazo huweza kuleta joto la ghafla mwilini na kubadili hisia. Daktari asipoambiwa, hawezi kujua.

Hofu inayopanda siku chache kabla ya kliniki na kushuka majibu yakitoka ni ya kawaida. Lakini mtu akikaa na huzuni, au akipoteza hamu ya kila kitu, karibu kutwa kwa majuma mawili au zaidi, huenda ana sonona, maradhi yanayotibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Anayewaza kujiua asingoje hata siku moja. Wala dawa za sonona zisinunuliwe kiholela: paroksetini, kwa mfano, hupunguza nguvu ya tamoksifeni wanayomeza wanawake wengi waliougua saratani ya matiti.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mgonjwa huulizwa dhiki yake ya juma lililopita ni kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Akitaja 4 au zaidi, hudadisiwa zaidi. Swali hilo huchukua dakika moja, na ni ajabu kwamba kliniki nyingi haziliulizi.

Jijini Nairobi, shirika la Faraja Cancer Support Trust, lililoanzishwa mwaka wa 2010, hutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa na wanaowauguza. Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990, ingawa wengi huikwepa wakidhani waendao huko ni wanaongoja kufa tu. Jamaa pia hupokewa, kwani anayeuguza naye hukesha, huhofu, na ni nadra kuulizwa amelalaje.