Mji wa Ungwana Unasimuliwa na Nani?

Mgeni atokaye Garsen kwa nia ya kuyazuru magofu ya Ungwana hushika barabara ya Lamu, kisha huiacha na kuteremka Kipini, pale Mto Tana umwagapo maji yake baharini. Kutoka hapo safari ni ya miguu, nyuma ya mwongozaji. Ataonyeshwa msikiti wa Ijumaa wenye kumbi mbili zilizokaa bega kwa bega, makaburi yaliyonakshiwa, na kuta za matumbawe na chokaa zilizofumwa na mizizi. Ni matembezi yenye faida, nami humhimiza kila mwalimu awapeleke wanafunzi wake.

Ninalolilalamikia ni masimulizi. Katika matembezi ya aina hii pwani nzima, msafara huelezwa mara nyingi kwamba Waarabu walikuja wakajenga, na kwamba Wagala wakashuka wakavunja. Basi Mpokomo aliyezaliwa kando ya mto huo husikiliza historia ya mji asimojikuta kamwe, na Muorma hujikuta ndani yake akiwa mharibifu tu.

Hadithi hiyo haikuzuliwa na waongozaji wetu, wala si haki kuwalaumu. James Kirkman alifukua Ungwana katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966. Kazi yake ilikuwa ya makini, ila wataalamu wa enzi yake waliipima miji yetu kwa kutazama ng'ambo ya bahari. Tangu hapo elimu imesonga. Mark Horton alifukua Shanga, kisiwani Pate, na katika tabaka za chini kabisa akakuta vyungu vya kienyeji vya mtindo ambao wataalamu wameupa jina la Tana, kwa kuwa vya namna hiyo vimeokotwa pia kando ya mto huu, mbali na bahari. George Abungu naye, katika tasnifu aliyoiwasilisha Cambridge mwaka 1989, alichunguza mahusiano ya watu wa delta na wa bonde la mto kuanzia mwaka 700 hadi 1890.

Isimu nayo ina ushahidi wake. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha kinaganaga mwaka 1993 kwamba Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja, wa kundi liitwalo Sabaki. Mwenyeji wa Lamu husema mui, wa Mombasa mji, Mgiriama mudzi: neno ni lile lile, limepita vinywa mbalimbali. Hata Tana ya ramani ni Tsana ya Wapokomo iliyopunguziwa sauti moja. Ndugu wa lugha hizi hawakushushwa na jahazi.

Kuhusu Waorma, sikatai kwamba vita vya wafugaji viliitikisa miji ya pwani katika karne ya 17. Lakini wafugaji hao hao walikuja kuiletea miji hiyo ng'ombe na pembe za ndovu, na biashara haifanywi na adui wa milele. Tena jina Gala wenyewe hawalitaki. Walipewa na wengine, nalo lina harufu ya dharau.

Huenda msomaji akaniona nachambua visivyo na maana. Akumbuke kwamba kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma juu ya ardhi, malisho na maji. Mtoto wa kila upande huletwa Ungwana kwa basi la shule. Huko huambiwa nani alijenga na nani alibomoa, kisha hurudi kijijini kwake.

Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti zingeweza kuwapa waongozaji siku chache za mafunzo na kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Nacho kianze na vigae vya vyungu, kabla ya mgeni kupelekwa kwenye mihirabu.