Kabla ya Kuchangia Maiki Mpya, Tazama Antena Ilipo



Parokia nyingi zina ukumbi, na katika kumbi nyingi kuna maiki moja au mbili zisizo na waya. Asubuhi fundi akizijaribu ukumbi ukiwa mtupu, zinasikika vizuri hadi mlangoni. Mkutano ukianza na watu wakijaa, zinakatika. Anayekatiwa sauti mara nyingi si mwenyekiti aliye meza kuu, karibu na mitambo. Ni mama wa jumuiya aliyekaa viti vya nyuma, aliyesimama kuuliza michango ya ujenzi imefikia wapi. Swali lake linafika nusu, watu wanageuka kumtazama, naye anaketi. Muhtasari wa kikao utaandika kwamba taarifa ya fedha ilipokelewa bila swali. Baadaye halmashauri ya walei inapanga mchango wa kununua maiki nyingine.

Makala hii inashauri kwamba kabla ya mchango huo tuangalie antena imewekwa wapi. Mara nyingi tatizo liko hapo, na kuhamisha antena ni kazi ya nusu saa.

Kwa nini ukumbi ukijaa sauti inakatika?

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba jambo lililotangulia si lazima liwe sababu ya lililofuata. Maiki imekatika baada ya kutumika saa mbili, basi tunalaumu betri. Tunaweka mpya, inakatika tena. Tujiulize: kati ya asubuhi na saa ya mkutano, ni nini kilichobadilika? Ni watu.

Maiki isiyo na waya ni kituo kidogo cha redio. Inageuza sauti kuwa mawimbi, na risiva iliyo kwenye mitambo inayapokea kupitia antena zake. Kanuni ni ileile aliyoitumia Guglielmo Marconi alipoijenga Redio Vatikani, iliyozinduliwa na Papa Pio XI tarehe 12 Februari 1931. Tofauti ni nguvu. Maiki nyingi hutuma mawimbi kwa miliwati 10 hadi 50 tu, na balbu ndogo ya wati 10 hutumia umeme mara 1,000 ya hizo miliwati 10. Tena nguvu hiyo hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachofika ni robo.

Sasa weka watu katikati. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji humeza mawimbi haya. Safu kumi za watu waliosimama ni ukuta. Risiva ikiwa chini ya meza, mawimbi ya yule mama wa nyuma yatapita katika miili ya watu wote walio mbele yake. Ukumbi mtupu hauna ukuta huo, ndiyo maana jaribio la asubuhi hutudanganya.

Kuna sababu ya pili. Mawimbi hugonga mabati, nondo za madirisha na milango ya chuma, kisha yanarudi. Hivyo antena hupokea wimbi lililokuja moja kwa moja pamoja na lile lililozunguka. Yakikutana vibaya, yanafutana. Ndiyo maana msemaji husikika akiwa amesimama hapa, akasogea hatua moja akapotea, na akisogea tena anarudi.

Antena mbili kwa maiki moja

Wengi hudhani risiva yenye antena mbili ina antena moja kwa kila maiki. Sivyo. Katika risiva nyingi antena zote mbili husikiliza maiki ileile. Wimbi likifutika penye antena ya kwanza, huenda penye ya pili bado ni zima, na risiva huchukua lililo bora. Kwa hiyo kukunja antena moja au kuiacha imevunjika ni kuitupa nusu ya kinga uliyoinunua.

Lakini msaada huo unahitaji nafasi. Kwa maiki inayotumia megahezi 600, urefu wa wimbi moja ni sentimita 50. Antena mbili zisikaribiane kuliko robo ya wimbi, yaani kama sentimita 12, na ni vizuri zaidi zikitengana sentimita 25 hadi 50 au zaidi. Zilaze kila moja upande wake kama herufi V. Msemaji huishika maiki wima, kisha anailaza, na V hupokea vizuri katika hali zote mbili.

Ziwekwe wapi?

Kanuni ya kwanza ni kwamba antena na maiki zionane. Ukisimama penye antena ukaweza kuona mikono ya wasemaji wote, umepata mahali pazuri.

Weka antena juu ya vichwa vya watu waliosimama, kama mita 2 au zaidi kutoka sakafuni. Usizipandishe hadi zikagusa mabati. Ziache mbali na chuma chochote angalau nusu mita.

Risiva ikae katika chumba kilekile cha mkutano. Kuifungia stoo au ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi ni kuziba masikio yake wakati wa kazi. Ifungie baada ya mkutano.

Iweke mbali na kompyuta, projekta na skrini kubwa, kwa maana vifaa hivi navyo hutoa mawimbi ya fujo.

Isiwe karibu mno na msemaji. Maiki ikiwa chini ya mita 3 kutoka kwenye antena, nguvu yake inaweza kuilemea risiva. Katika chumba kidogo chenye meza ya duara, ukuta wa pembeni, juu, ni bora kuliko katikati ya meza.

Ikiwa mitambo iko kona mbaya, isogeze risiva peke yake, kisha vuta waya wa sauti kuirudia mikisa. Waya mzuri wa sauti wenye plagi za pini tatu huenda mita 30 bila hasara ya kuonekana. Waya wa antena hauko hivyo: mita 10 za kebo nyembamba zinaweza kumeza zaidi ya nusu ya mawimbi yaliyopokelewa.

Msemaji naye ana sehemu yake. Maiki nyingi za mkononi zina antena chini, kwenye kitako. Anayeifunika kwa kiganja anaziba mawimbi yasitoke.

Antena haitibu kila ugonjwa

Maiki nyingi hutumia masafa jirani na yale ya televisheni za kidijitali. Zima maiki zote, kisha tazama taa za mawimbi kwenye risiva. Zikiwaka ilhali maiki zimezimwa, kuna kitu kingine kinachotuma katika masafa hayo. Badilisha chaneli kwanza. Hakikisha pia kila maiki ina masafa yake, na ile isiyotumika izimwe.

Jaribio la kuzunguka

Watu wawili wanatosha. Mmoja ashike maiki, atembee polepole akisoma majina ya jumuiya, apite kila kona, ageuke kuipa mitambo mgongo. Mwingine atazame taa za risiva na kuandika kila mahali zinapofifia. Kisha wahamishe antena na kurudia njia ileile. Wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja; wakihamisha antena na kubadilisha betri kwa pamoja, hawatajua kipi kiliponya. Jaribio la mwisho lifanyike watu wakiwa wameketi, kwa mfano kwaya inapofanya mazoezi, maana tatizo lilikuja na watu.

Mkifanya haya yote na sauti bado inakatika, hapo mchango wa maiki mpya una hoja, na halmashauri itaweza kuwaeleza waamini kwa nini fedha yao inahitajika. Na ramani yenu ya ukumbi itakuwa tayari. Anzeni kuijaribu kutoka viti vya nyuma kabisa, kwa kuwa pale mbele hata bila maiki mtu husikika.